Kesi: Safari ya Neno Moja Mpaka Kambini

Hapa Kakuma mtoto analijua neno "kesi" kabla hajajua kuandika jina lake. Muulize nyumbani kwao wako wangapi, atakujibu, "Kesi yetu iko watu 7." Wazazi wakikutana kwenye bomba la maji wanaulizana habari za watoto, halafu wanaulizana habari za kesi. Kesi inafunguliwa, inalala, inaamka, inahama ofisi, inaunganishwa na nyingine, inagawanywa, inafungwa. Ukimwona mtu anatembea haraka asubuhi na bahasha ya kaki kwapani, huna haja ya kumuuliza anaenda wapi.

Mimi nafanya kazi na vijana. Katika kikundi chetu cha kusoma tuko na vijana kutoka Kongo, Burundi, Sudan Kusini na Somalia, na kinachotuunganisha ni Kiswahili, kila mmoja na cha kwao. Siku moja msichana wa miaka 16 aliuliza: "Kesi ni ya kortini. Sasa sisi tumeshtakiwa na nani?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakuwa anachekesha. Tangu hapo nimelitafuta neno hili katika kamusi za maktaba, kwa simu, na kwa mzee mmoja jirani yetu aliyefundisha Kilatini huko Kivu, maana kwetu Kongo shule za sekondari zina mkondo wa Latin-Philo. Nilichokipata kinawahusu watu wa pande zote mbili za meza, anayeuliza na anayeulizwa.

Kitu kilichoanguka

"Kesi" yetu imetoka kwa Kiingereza, "case". Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa, "cas", nacho Kifaransa kililirithi kutoka Kilatini, "casus". Na "casus" imezaliwa na kitenzi "cadere", yaani kuanguka. Kwa hiyo kwa asili yake kesi ni jambo lililomwangukia mtu. Hata sisi tunasema hivyo bila kufundishwa na Mrumi yeyote: msiba umemwangukia, balaa limemwangukia, mzigo wa familia umemwangukia. Mwanzoni neno hili halikuwa na karatasi, hakimu wala ofisi. Lilitaja tu kile kilichotokea.

Kitenzi hicho kilizaa watoto wengi katika Kiingereza. "Accident", ajali, ni mmoja wao. "Chance" ni mwingine, na huyo tunamjua vizuri: Waswahili wanasema chansi, sisi Wakongo tunasema shansi kwa kufuata Kifaransa, tukimaanisha bahati. Kumbe kesi na chansi ni ndugu wa ukoo mmoja. Mtu akisema "kesi yangu imepata chansi" anawakutanisha ndugu waliopotezana zamani.

Hata Waingereza wanaposema "in case" au "in any case" wanatumia mtoto huyu huyu. Hapo hakuna kesi ya mtu. "In case" ni kusema endapo jambo litatokea, likianguka. Nalitaja kwa sababu limewahi kutuchanganya. Kwenye ukuta fulani hapa kambini paliandikwa kwa Kiingereza kwamba "in case of emergency" upige namba fulani. Kijana mmoja aliyeanza kusoma Kiingereza aliniuliza kwa heshima kabisa hiyo kesi ya dharura inafunguliwa ofisi gani, na kama mtu anaruhusiwa kuwa na mbili.

Walimu wa sarufi nao walilitumia. Katika Kigiriki na Kilatini jina hubadilika mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi, na Wagiriki waliita mabadiliko hayo kuanguka, "ptosis". Warumi wakatafsiri "casus", na mpaka leo kitabu cha sarufi cha Kiingereza kinasema "case". Kiswahili hakina mambo hayo. Ukisema "Juma anamwita Ali" au "Ali anamwita Juma", majina yanabaki vilevile.

Hapo ndipo mzee wangu wa Kilatini aliponipa hadithi ambayo sijaisahau. Wagiriki walikuwa na umbo moja la jina kwa ajili ya yule anayetendwa, wakaliita kwa neno lililotokana na "aitia". Neno hilo lina maana mbili: sababu, na pia shtaka. Wataalamu wengi wanaona Wagiriki walikusudia ile ya kwanza, yaani kile kinachosababishwa. Warumi walipotafsiri wakashika ile ya pili, wakaliita "accusativus", la kushtaki. Imepita kama miaka 2,000, na wanafunzi bado wanafundishwa jina hilo. Mzee alisema, "Unaona, mwanangu? Mkalimani akiteleza mara moja, asiye na hatia anabaki mshtakiwa miaka yote."

Kortini

Neno la kuanguka lilifikaje kortini? Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari kutoka Ufaransa akaishinda Uingereza. Wakubwa wapya walizungumza Kifaransa, na kwa karne kadhaa mashauri katika korti za mfalme yalisemwa kwa Kifaransa. Mtu akienda mbele ya hakimu lazima aeleze kilichomtokea, yaani "cas" yake. Pole pole neno likahama kutoka kwa tukio lenyewe likawa jina la ule ubishi juu ya tukio.

Tatizo ni kwamba mwananchi wa kawaida alizungumza Kiingereza. Alisimama kortini mambo yake yakizungumzwa kwa lugha asiyoijua, akisubiri kuona kwa nyuso za watu kama ameshinda au ameshindwa. Mwaka 1362, wakati wa Mfalme Edward III, ilitungwa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakijui Kifaransa vya kutosha kuelewa wanachosemewa au wanachoshtakiwa. Na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Lakini wazo lilishaingia katika vitabu: mtu ana haki ya kuelewa kesi yake mwenyewe. Ndugu zetu wakalimani wanaokaa kwenye viti vya plastiki kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, wajue kazi yao ina umri mrefu.

Huku kwetu Afrika Mashariki, kabla ya "kesi" kulikuwa na maneno mengine. Kulikuwa na daawa, na kulikuwa na shauri. Shauri ni neno zuri sana, kwa sababu maana yake pia ni kushauriana: wazee wanakaa, wanasikiliza, wanatafuta njia. Wajerumani walipotawala Tanganyika walilipenda mpaka wakaliingiza katika lugha yao, wakaandika "Schauri" katika ripoti zao. Waingereza walileta korti zao, na korti zikaja na "case". Kiswahili kikaivika irabu mwishoni ikawa kesi. Ukilinganisha maneno hayo mawili utaona kilichobadilika. Shauri unalikalia pamoja na wenzako. Kesi unasomewa.

Barabara ya lami inayotuletea unga hapa Kakuma inapita Kapenguria. Wengi tumepita hapo usiku ndani ya basi bila kujua kwamba ndipo ilipofanyika kesi iliyojulikana kuliko zote katika Kenya ya ukoloni. Kuanzia mwisho wa 1952 mpaka Aprili 1953 walisimama pale Jomo Kenyatta na wenzake 5: Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Katika kesi hiyo pia suala la lugha lilizuka. Mkalimani wa mwanzo alikuwa Louis Leakey, yule mtaalamu wa mifupa ya kale, na mawakili wa utetezi walilalamika kwamba anaegemea upande mmoja, mpaka akajitoa. Kenyatta alihukumiwa miaka 7, akaletwa huku huku Turkana, Lokitaung. Ukitaja "kesi ya Kapenguria" kwa Mkenya mzee, hakuna anachofikiria isipokuwa korti, pingu na hukumu.

Kwa hiyo yule msichana wa kikundi chetu alikuwa na haki ya kuuliza. Katika Kiswahili kilichorithiwa kutoka korti za mkoloni, kuwa na kesi ni kuwa na lawama. Hata vijana wa Nairobi wakitaka kufanya jambo bila kujali matokeo wanasema "kesi baadaye". Wanajua kesi ni kile kinachokufuata ukishakosea. Maana ya kuanguka ilibaki Ulaya. Iliyovuka bahari kuja kwetu ni ile ya kushtakiwa.

Sanduku

Sasa kuna jambo linalowashangaza watu nikiwaambia. Kiingereza kina "case" nyingine, inayoandikwa herufi zile zile na kutamkwa vile vile, lakini haina undugu na hii ya kwanza. Hiyo ni sanduku. Yeye baba yake ni "capsa" ya Kilatini, kisanduku ambamo Warumi waliweka vitabu vyao vya kukunja, na jina hilo limetoka kwa kitenzi cha kushika, kuchukua. Ndiyo hiyo iko ndani ya "suitcase", sutikesi. Ndiyo hiyo iko ndani ya "bookcase", kabati la vitabu, na "pillowcase", foronya.

Ukoo wa "capsa" umeingia Kiswahili kwa milango mingi. Wareno walipofika pwani walikuwa na "caixa", nasi tukapata kasha. Sanduku la kuwekea fedha kwa Kifaransa ni "caisse", na kwa njia ya Kiingereza "cash" tukapata keshi. Kisanduku kidogo kabisa cha muziki ni kaseti. Mtu aliyekaa Mombasa miaka ya 1980 na keshi mfukoni, kaseti mkononi na kasha la nguo chini ya kitanda alikuwa na wajukuu watatu wa sanduku moja la Kirumi.

Hata herufi tunazojaza kwenye fomu zina habari hii. Ukiambiwa uandike jina lako kwa herufi kubwa, Mwingereza anaziita "upper case", za sanduku la juu. Zamani mpiga chapa alipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono. Mbele yake palikuwa na trei mbili za mbao zenye vyumba vidogo vidogo: ya juu ina herufi kubwa, ya chini ina herufi ndogo. Joseph Moxon alieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha 1683. Magazeti ya kwanza ya Kiswahili nayo yalitoka kwa mikono ya namna hiyo, kama Msimulizi lililoanza Zanzibar mwaka 1888 kwenye misheni ya Kiungani. Mtu aliyesimama akachomoa herufi moja moja kutoka kwenye masanduku ndiye babu wa jarida hili unalolisoma.

Wale waliosoma Kifaransa watasema nimesahau moja, na ni kweli. Kwa Kifaransa neno linaloandikwa c-a-s-e ni nyumba ndogo, kibanda, kutoka "casa" ya Kilatini. Kitabu cha Harriet Beecher Stowe kuhusu watumwa wa Marekani, kilichotoka 1852, kwa Kifaransa kinaitwa La Case de l'oncle Tom. Wakati wa ukoloni Mfaransa alikuwa na "maison" na Mwafrika alikuwa na "case". Neno hilo pia ni kile kiboksi cha kuweka alama kwenye fomu, na ni chumba kimoja kwenye ubao wa mchezo. Wakongo na Warundi wakikwama wanasema wamerudi "case départ", mwanzo kabisa wa mchezo. Basi fikiria mtu wa Bujumbura anayeingia ofisi ya Kiingereza na Kiswahili kwa siku moja. Kwenye karatasi neno ni moja, lakini kwake linaweza kuwa nyumba, kiboksi cha kuweka alama, shtaka au faili.

Mgonjwa, maskini, mkimbizi

Swali langu lilibaki: ilikuwaje mtu mwenyewe, mwenye jina na mama yake, akaitwa kesi?

Madaktari wana sehemu yao. Kwanza "case" ilikuwa tukio la ugonjwa: kipindupindu kimetokea mahali fulani. Baadaye ikawa yule mgonjwa. Ukipita wodini utasikia wakiulizana kuhusu "kesi ya kitanda cha 4", na kitandani pale amelala binadamu anayesikia. Sidhani wana nia mbaya. Ni haraka ya kazi, na haraka hula majina.

Halafu wakaja watu wa misaada. Mwaka 1869 huko London ilianzishwa Charity Organisation Society. Nia yao ilikuwa kupanga sadaka za mji: asiyestahili asipate, na mtu asipokee mara mbili. Ili kufanya hivyo walihitaji kila familia iwe na karatasi zake, zimehifadhiwa, zinaweza kutafutwa. Vyama vya aina hiyo vikafunguliwa Marekani pia. Wenye kusimama foleni za kuweka kidole kwenye mashine kabla ya kupokea chakula watatambua wazo hilo, ingawa lina zaidi ya miaka 150.

Katika vyama hivyo alikuwemo mwanamke mmoja, Mary Richmond, aliyeanza kazi Baltimore mwaka 1889. Aliona watu wanahukumiwa kwa kutazamwa tu. Mwaka 1917 akatoa kitabu kikubwa, Social Diagnosis, akieleza kwamba kabla ya kumsaidia mtu lazima umsikilize, uijue familia yake, majirani, shule, daktari, kazi yake. Mwaka 1922 akaandika kingine kuuliza "social case work" ni nini hasa. Kutokana na kazi ya watu kama yeye tumepata "caseworker", yule tunayemwita mtu wa kesi. Nilipolijua hili nilifurahi kidogo. Mwanzo wa kazi hii ulikuwa na hofu ya kudanganywa, ni kweli, lakini ulikuwa pia na mtu aliyesema keti chini umsikilize mwenzako mpaka mwisho.

Wakimbizi waliingia ndani ya mafaili hatua kwa hatua. Mwaka 1921 Shirika la Mataifa lilimteua Fridtjof Nansen wa Norwei kushughulikia wakimbizi wa Urusi, na kuanzia 1922 wakapewa hati za kusafiria zilizobeba jina lake. Baada ya Vita Kuu ya Pili kukawa na shirika lililoitwa IRO. Kila aliyeomba msaada alijazwa fomu ya CM/1: umezaliwa wapi, umeishi wapi, umefanya kazi gani, kwa nini hutaki kurudi. Afisa akaandika maoni yake. Fomu hizo ziko mpaka leo katika hifadhi ya Arolsen, Ujerumani, na wajukuu huenda kutafuta humo habari za babu zao. Shirika hilo lilihamishia zaidi ya watu milioni 1 nchi nyingine, likafungwa 1952, na kazi ikashikwa na UNHCR iliyokuwa imeanza 1951.

Mkataba wa 1951 unamtazama mtu mmoja na hofu yake mwenyewe ya kuteswa. Afrika ikaona hiyo haitoshi. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake, ukasema mkimbizi ni pia yule aliyelazimika kutoka kwake kwa sababu ya vita au fujo zilizovuruga nchi. Nikisoma hapo nakumbuka lile neno la kuanguka. Kuna balaa linaloangukia mtu mmoja, na kuna linaloangukia kijiji kizima usiku mmoja.

Maana zote ndani ya bahasha moja

Tukikusanya yote haya tutaona kilichotokea. Neno lilianza likiwa tukio. Likawa ubishi kortini. Likawa karatasi za ubishi huo. Likawa faili. Mwisho likawa mtu ambaye faili linamzungumzia. Kila hatua ilikuwa fupi na hakuna aliyeshtuka. Kambini kwetu hatua zote zinaishi pamoja, na ndiyo maana tunaumizana bila kukusudia.

Mama mmoja wa bloku yetu, mjane, alitumiwa ujumbe wa simu kwamba aje ofisini kuhusu kesi yake. Hakwenda. Akatumiwa tena, hakwenda. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwanangu, mimi sina kesi na mtu. Tangu nifike hapa sijagombana hata kwa maji ya bomba. Wakinitaka waje na yule aliyenishtaki." Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kitenge, akidhani anaweza kuja kuchukuliwa. Ujumbe ulikuwa wa kuongeza jina la mjukuu wake kwenye kadi ya chakula. Kwa wiki hizo zote mtoto alikula posho ya bibi.

Kuna kijana aliyefikisha miaka 18 akaambiwa kesi yake itagawanywa kutoka kwa ya wazazi. Ofisini hilo ni suala la faili: karatasi moja inakuwa mbili. Nyumbani mama yake alilia kana kwamba wamemtenga mwana. Alisikia ukoo unakatwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kinachogawanywa ni sanduku, na kwamba mwanawe atarudi jioni kula ugali kama kawaida.

Na kuna kusubiri. Januari 2017, na tena Januari 2025, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu walikuwa wameshauza magodoro na kuaga kanisa na msikiti, wakisubiri tu ule mfuko mweupe wa IOM. Wakaambiwa kesi zimesimama. Kesi inaweza kusimama. Inakaa kwenye kompyuta, haizeeki, haisikii njaa. Mtu hawezi kusimama. Binti anaendelea kukua, mzee anaendelea kukohoa, kijana anaendelea kufikiria njia nyingine. Yule anayejiona kuwa yeye ndiye kesi, kesi ikisimama naye anasimama. Nimeona vijana wakiacha shule kwa sababu "kesi iko karibu", na nimeona wengine wakiacha kula kwa sababu "kesi imekufa". Kazi yangu ya kila siku iko hapo, kumtenganisha kijana na bahasha yake.

Kisa

Kiswahili kilikuwa na neno lake. Mnakumbuka wakati wa korona. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na baada ya hapo kila siku redio ilisoma hesabu: visa vipya kadhaa vimepatikana. Hapa kambini ilileta kichekesho cha aina yake. Jirani mmoja alitoka mbio nyumbani kwake akiuliza hivyo visa vipya vinatolewa na ubalozi gani na majina yamebandikwa wapi.

Lakini watangazaji hawakukosea. Wingi wa kisa ni visa, na kisa ni tafsiri halali ya "case". Neno hilo limetoka Kiarabu, "qissa", maana yake hadithi, habari yenye mwanzo na mwendo wake. Tunasema kisa na mkasa. Kisa hakikushtaki wala hakikufungii ndani ya sanduku. Kisa lazima kisimuliwe, na hakisimuliki bila mtu wa kukisikiliza. Kiko karibu zaidi na ile "casus" ya mwanzo kuliko kesi yetu ya kortini: jambo lililokupata, unalolieleza.

Sisemi tufute neno kesi. Limeshazoea mdomo, na maafisa wana fomu zao. Ila katika kikundi chetu tumekubaliana mambo machache, na nayaweka hapa kwa yeyote atakayeyaona yanafaa.

Kwanza, tunasema "niko na kesi", hatusemi "mimi ni kesi namba fulani". Namba ni ya faili. Kijana akianza kujitambulisha kwa namba, wenzake wanamwuliza jina.

Pili, mtu akiitwa kuhusu kesi, anauliza: kesi gani? Ni ya chakula, ya mahojiano, ya hospitali, ya polisi? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Watu wa Uingereza ilibidi wangoje mpaka 1362 ndipo sheria ikasema waelewe wanachosemewa.

Tatu ni ombi kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika. Mnapotuma ujumbe kwa Kiswahili, semeni jambo lenyewe: "Njoo tuongeze jina la mjukuu wako kwenye kadi." Kama ni faili, semeni faili. Kama ni maombi, semeni maombi. Muwekee "kesi" yule anayeenda kortini kweli, maana naye yupo na anahitaji wakili. Na siku mkiwa na nusu saa zaidi, muulizeni mtu kisa chake, hata kama fomu haina nafasi ya kukiandika.

Yule mama wa bloku yetu sasa mjukuu wake yuko kwenye kadi. Nilimwandikia kwa kalamu nyuma ya bahasha yake maneno ya kuonyesha mlangoni akiitwa tena: "Naomba mnieleze ni kuhusu nini." Wiki iliyofuata majirani 4 walikuja na bahasha zao, wakitaka niwaandikie hayo hayo.